Ukungu wa Jumamosi

Nyumbani kwetu Nyamasaria tulizungumza Kiswahili kwa sababu mama hakuwahi kukiweza Kijaluo, na baba hakuwahi hata kujaribu Kiluhya. Walikutana soko la Kibuye, mama akiuza mboga za kienyeji, baba akiwa fundi wa nguo mwenye cherehani moja chini ya bati. Walipoanza kupendana, walikutana katikati, kwenye lugha ambayo hakuna kati yao aliyeimbiwa nayo utotoni. Labda ndiyo sababu walisemezana kwa uangalifu, kama watu wanaopokezana mayai. Sikumbuki wakigombana. Nakumbuka mama akichagua maneno, na baba akiyangoja.

Sisi ni watu wa Sabato. Jumamosi baba hakugusa sindano. Baada ya ibada, na baada ya chakula kilichopikwa Ijumaa, alivaa kofia yake na kutuongoza hadi ziwani, upande wa Dunga, mahali ambapo mafunjo yanaachana na maji yanaonekana. Tulikaa juu ya mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa. Hatukufanya chochote. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake, kufika mahali na kutofanya chochote, mikono iliyoshona wiki nzima ikiwa imelala mapajani kama paka wawili. Magugu maji yalikuwa yakisogea taratibu hata tusiweze kusema yanakwenda wapi. Unatazama upande mwingine, unarudi, na kisiwa kizima cha majani na maua ya zambarau kimehama. Wakati mwingine wale wadudu wadogo wa ziwa walipanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua mbali, moshi usio na harufu, halafu ukapotea.

Siku ninayoikumbuka zaidi hakukuwa na wadudu. Jua lilikuwa kali na ziwa lilikuwa linang'aa kama bati jipya. Milima ya ng'ambo ilionekana wazi kabisa, hata makovu ya mashamba juu yake. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nangojea kuitwa chuoni, na katika kungojea huko nilikuwa nikimsaidia baba kibandani.

"Leo kuna ukungu," baba akasema.

Nilifungua mdomo. Mama akaubana mkono wangu.

"Upo, Mzee," akasema. "Umefunika mpaka milima."

Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa haki yake. "Nilidhani ni mimi," akasema, akatulia.

Jioni, tukiwa jikoni, nilimuuliza mama kwa nini alisema vile. Alikuwa akichambua mchicha, na hakuinua uso. "Wiki nzima mtu hajala vizuri. Unataka nimharibie na Sabato?" Ilikuwa kweli kwamba hakuwa amekula. Mteja alikuwa amemrudishia suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa umegeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje. Mteja hakukasirika, alicheka tu. Lakini baba aliiweka ile suruali magotini na kuipapasa mchana kutwa, kama mtu anayetafuta mahali mtoto anapoumwa.

"Apumzike kidogo," mama akasema. "Akipata nguvu nitamwambia."

Naamini alikusudia hivyo. Lakini uongo ule ulikuwa mwepesi mno. Haukuwa na uzito wowote mkononi. Jumamosi iliyofuata baba aliuliza, "Bado upo?" na mama akasema bado upo, na Jumamosi nyingine baba hakuuliza tena, alisema tu jinsi ukungu wa siku hizi ulivyo mzito kuliko wa zamani, na mama akaitikia kwamba siku hizi hali ya hewa imebadilika kila mahali. Nami nilizoea. Lililo baya zaidi ni kwamba nilianza kuupenda ukungu ule. Nilipokaa kati yao juu ya mtumbwi, nikisikia wakiueleza, ulivyoshuka, ulivyojiviringisha juu ya mafunjo, kuna wakati nilifumba macho nikauona.

Kibandani mambo yalianza kwa uzi. Baba alikuwa akiuliza, "Huu ni mweusi au ni bluu ya giza?" kwa sauti ya mtu anayejua lakini anataka kuhakikisha. Nikaanza kumpangia nyuzi kwa mstari, mweusi kushoto, mweupe kulia. Nikaanza kumtilia uzi kwenye sindano kabla hajafika asubuhi. Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza mitumba, akawa anapaza sauti kila baba anapomaliza nguo: "Fundi, hiyo imekaa!" Naye hakuambiwa na mtu. Aliona tu, akaingia katika jambo letu jinsi mtu anavyoingia katika wimbo unaoimbwa karibu naye.

Kisha mama akaanza kufumua. Baba alipokwenda mazoezi ya kwaya, mama alitoa kwenye mfuko nguo zilizokuwa tayari kupelekwa, akazishika mbele ya dirisha, akatafuta makosa. Yeye alifumua, mimi nikashona upya kwa mkono, nikiiga mshono wa baba. Kazi hii tuliifanya kimya, tukisikiliza mlango. Wateja walichukua nguo zao na kumsifu. Sifa zikamrudishia baba hamu ya kula. Akaanza kupiga mluzi tena anapokanyaga cherehani. Akaanza kupokea kazi ambazo zamani angezikataa, makoti, magauni ya harusi. Kila alivyopata nguvu, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kumwambia, kwa sababu sasa tungelazimika kumwambia si jambo moja tu bali yote.

Wakati ule alikuwa ameanza pia kugonga vitu. Si vilivyokuwa mbele yake, la. Mbele aliona vya kutosha kusoma vichwa vya habari gazetini. Aligonga vilivyokuwa pembeni, kona ya meza, ndoo, bega la mtu. Mama alihamisha ndoo. Akahamisha meza. Nyumba yetu ikawa na njia pana katikati kama barabara, na baba akatembea humo kwa kujiamini.

Siku moja watu wa kliniki ya macho walikuja kanisani kwetu kuwapima watu bure. Walipanga viti chini ya turubai na kutundika ubao wa herufi. Tulipotoka ibadani, baba alisimama. Alikuwa ameusikia mwito.

"Niende?" akamuuliza mama.

Nilimwona mama akiutazama ule ubao. Nadhani aliona kile ambacho wangekiona. Aliona baba akiambiwa mbele ya watu kwamba hafai tena kushika mkasi. Baadaye alinieleza kwamba hakufikiria ugonjwa hata kidogo. Kwake macho ya baba yalikuwa yanazeeka tu, kama magoti, na hakuna dawa ya uzee.

"Foleni ni ndefu, Mzee," akasema. "Na macho yako yako sawa. Si juzi umeshona koti zima bila kosa?"

Baba akanigeukia. "Ni kweli, nyara?" Kwa Kijaluo, nyara maana yake ni binti yangu. Aliniita hivyo alipotaka jibu la moyoni.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, na akaendelea kungoja, uso wake umenielekea nusu, mpaka nikaelewa kwamba hakukiona kichwa changu.

"Ni kweli, Baba," nikasema.

Tukaenda ziwani.

Kilichofuata kilianza na msiba. Nyanya yangu, mama yake mama, alifariki huko Kakamega, na mimi na mama tukaenda kuzika. Baba alibaki kwa sababu alikuwa na kazi kubwa, sare mpya za kwaya ya akina mama, magauni ya kijani yenye kola nyeupe, na makambi yalikuwa karibu. Makambi kwetu ni juma zima la ibada chini ya mahema, na watu huja kutoka makanisa yote ya jirani. Mama alipanga tungerudi mapema, tuyapitie magauni yote. Lakini mazishi huwa na mipango yake. Tulirudi Ijumaa jioni, na baba akatupokea mlangoni akiwa na furaha ya mtoto.

"Wamechukua," akasema. "Nimemaliza peke yangu, na mwenye kwaya amekuja kuchukua."

"Aliyaangalia?" mama akauliza.

"Ayaangalie kwa nini? Ananijua."

Asubuhi tulikaa ndani ya hema kubwa, baba katikati yetu. Kwaya ikaingia. Wale akina mama walikuwa wameyaona magauni walipoyajaribu, bila shaka, na hawakuwa na mengine. Wangeweza kuvaa nguo zao za kawaida. Baadaye nilisikia kwamba walijadiliana nyuma ya hema, na kwamba mmoja alisema, "Tukitoka bila haya magauni, Mzee atakufa." Basi wakayavaa. Waliingia wakiwa na mikono iliyoshonwa kinyume, kola zilizotazama mgongoni, pindo moja gotini na jingine kwenye kifundo. Waliimba wakitazama mbele, bila kutikisika, na sijawahi kusikia kwaya ikiimba vizuri kiasi kile. Lakini watoto ni watoto. Kicheko kilianzia nyuma, kikapita hema zima kama upepo katika nyasi.

"Wanacheka nini?" baba akauliza.

"Wamefurahi," mama akasema.

Ibada ilipokwisha baba alikwenda kuwapongeza. Tulimfuata. Alimsalimia kiongozi wao, na kama afanyavyo fundi yeyote anapokutana na kazi yake, akashika bega la gauni ili alinyoshe. Vidole vyake vikasimama. Vikashuka polepole kwenye mshono wa kwapa, vikapanda, vikaizunguka kola. Vidole hivyo vilikuwa vimeambiwa kwa muda mrefu kwamba macho yanatosha, na vilikuwa vimenyamaza. Sasa vilisema.

"Geuka," akamwambia yule mama. Akageuka. Baba akaupapasa mgongo. Akamwendea wa pili, akashika mkono wa gauni lake, na wa tatu. Hakuna aliyesogea. Wale akina mama walisimama kama wanaobarikiwa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Hakungoja jibu. Akavaa kofia, akatoka hemani akielekea barabarani, akitembea haraka na moja kwa moja, kwa mwendo ule ule aliouzoea nyumbani, katika njia ambayo mama alikuwa amemsafishia. Mama alimwita. Alifika ukingo wa barabara na hakusimama. Bodaboda ilitokea upande wa kulia, upande ambao kwake haukuwa na kitu tena.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Yule mwendeshaji alilia kuliko baba. Aliapa kwamba Mzee alimtazama, akamtazama kabisa, kisha akaingia barabarani.

Hospitalini daktari mmoja, mwanamke mtulivu, aliyasikia maneno hayo na baada ya kuushughulikia mguu akamwita mwenzake wa macho. Walimmulika, wakampima, wakamfunika jicho moja na kumwambia aseme anapoona kidole kinaingia kutoka pembeni. Kidole kiliingia, kikafika karibu na pua, na baba alikuwa bado anangoja.

"Mzee," daktari wa macho akauliza, "umeanza lini kuona ukungu?"

"Ukungu nauona ukiwepo, daktari. Kama watu wote. Kule ziwani siku ya Jumamosi huwa mwingi. Muulize mama watoto."

Daktari akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshika kofia ya baba, akiikunja na kuikunjua.

"Mama, huwa kuna ukungu?"

Nilisikia toroli la wagonjwa likisukumwa kwenye korido, gurudumu lake moja likilia. Likapita, likaenda mbali.

"Hapana," mama akasema.

"Hata siku moja?" Aliyeuliza sasa alikuwa baba.

"Zile za mvua. Nyingine hapana."

Daktari hakujua alichokuwa amekifungua, akaendelea na kazi yake. Alieleza kwamba ni presha ya macho, kwamba huingia kimya na kuanza kula pembeni, kwamba kilichokwenda hakirudi. Kulikuwa na dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Angekuja mapema zaidi, wangelinda kingi.

"Mapema lini?" baba akauliza.

"Ungepimwa mwaka jana hivi, kwa mfano."

"Siku ya lile turubai," baba akasema.

Alipotoka hospitali hakurudi Nyamasaria. Dada yake, shangazi yangu, aliishi karibu na Sondu, juu ya mto, na baba akaomba apelekwe huko. Mama alimpelekea matone na chakula kila juma. Baba alipokea, akasema asante kama anavyoambiwa mtu wa posta. Mama alikaa naye kivulini mpaka magari ya kurudi yalipokaribia kwisha. Kutoka pale alipoketi, mto ulisikika chini ukipita kwenye mawe, na wakati mwingine nilipofuatana na mama nilihisi kwamba sote watatu tulikuwa tumelala tukiota ndoto moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuamka. Jicho la kushoto likafa kabisa miezi hiyo. La kulia likabaki na upenyo, kama tundu la ufunguo.

Nilimwona mama akikonda. Majirani walimwambia alifanya kwa upendo, na Mungu anaona moyo. Aliwajibu kwamba baba naye wakati ule alikuwa bado anaona, na ni yeye, mkewe, aliyemwambia kwamba tatizo ni ukungu tu.

Kisha siku moja shangazi alipiga simu. Baba alitaka mama aje, kuna kitu cha kumuuliza. Mama alivaa kama anayekwenda kanisani. Nilikwenda naye.

Tulimkuta baba amesimama kwa fimbo kwenye ukingo wa shamba. Msimu ule, akitaka kufanya kitu, alikuwa amepanda mahindi kwa kupapasa, kamba ikimwongoza mstari kwa mstari. Shangazi alikuwa nyuma yake, na alipotuona alianza kumfanyia mama ishara kwa mikono yote miwili, akimsihi.

"Mama," baba akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu hospitali. "Mahindi yangu yako vipi?"

Mama akamtazama shangazi. Akalitazama shamba. Nilimwona akivuta pumzi.

"Mbuzi wamekula, Mzee."

"Yote?"

"Imebaki mistari miwili kule chini. Nayo ni ya manjano."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Nilijua," akasema. "Kila siku dada ananiambia yamefika kifuani. Lakini upepo unapita hapo bila kugusa kitu."

"Nilitaka upone kwanza," shangazi akasema, amekasirika.

"Najua ulichotaka. Nyote mnataka hicho hicho." Akanyosha mkono hewani, si mahali mama alipokuwa, na mama akasogea mpaka mkono ukamkuta. "Nileteeni begi langu."

Tangu arudi, katika nyumba yetu hakuna neno linalopambwa. Sitasema ni rahisi. Mama humwambia shati limepauka, ugali umeungua, rafiki yake wa Kibuye amekufa asubuhi ya leo, na humwambia papo hapo, hata akiwa na kijiko mdomoni. Mara nyingine baba huumia na kuondoka mezani. Mara nyingine mimi ndiye ninayeumia, kwa sababu naye amekuwa hivyo hivyo. Sikuenda chuoni. Nilichukua cherehani, na baba huketi kando yangu kibandani akipitisha vidole kwenye kila ninachoshona. Neno lake kubwa ni moja, "Fumua." Wateja wanangoja, mimi nafumua.

Bado anaona akiwa usingizini. Asubuhi hutueleza ndoto zake, na humo kila kitu kina kingo zake kali, kila jani liko peke yake. Juzi tulikuwa tunakunywa chai mlangoni, akamwambia mama kwamba amemwota.

"Ulikuwa kijana. Umevaa gauni la njano."

"Mimi sasa nimezeeka," mama akasema. "Mashavu yameanguka."

"Sana?"

"Sana."

Baba akanywa chai. "Lakini lile gauni unalikumbuka."

Mama alifikiri. Niliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

"Sijawahi kuwa na gauni la njano, Mzee."

"Sawa," baba akasema. "Lilikupendeza."

"Asante," mama akasema, na akamwongezea chai.